G. V. Black na Chuma Kisichoponyoka Mkononi

Ukimtajia mtu wa Tunduma daktari wa meno, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni koleo. Jino likiuma linatolewa, basi. Ndivyo wengi wetu tulivyokua huku Songwe, iwe Momba, Mbozi au Ileje. Lakini kwenye chumba cha daktari wa meno kuna vyuma vingine, vyembamba kama kalamu, ambavyo kazi yake ni kuzuia jino lisifike kwenye koleo. Vyuma hivyo vina historia, na historia hiyo kwa sehemu kubwa ni ya mtu mmoja: Greene Vardiman Black, ambaye wenye fani yao humwita G. V. Black. Naandika habari zake humu kwa sababu alikuwa mwalimu, na mimi nasomea ualimu. Pia kazi yake ilikuja kugusa Tanzania kwa njia ambayo hata wanachuo wa afya wengine hawaijui.

Black alizaliwa tarehe 3 Agosti 1836, shambani, karibu na mji mdogo wa Winchester katika jimbo la Illinois, Marekani. Shule hakuikalia sana. Alikuwa mtoto wa shamba aliyependa kuangalia viumbe na mimea kuliko kukaa darasani. Alipofika miaka 17 akaenda kwa kaka yake Thomas, aliyekuwa daktari, akaanza kujifunza tiba kwa kumsaidia kazi. Mwaka 1857 akakaa miezi michache kwa daktari mmoja wa meno, akaangalia, akashika vyuma, kisha akarudi Winchester kufungua chumba chake. Miezi michache tu! Kwa vigezo vya TCU vya leo jamaa asingepata udahili hata dirisha la tatu. Lakini enzi zile hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kawaida: unakaa kwa fundi, unaiba kazi kwa macho, kama vijana wanavyojifunza ufundi magari kwenye gereji za hapa Tunduma.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilimchukua akawa askari, mpaka alipoumia goti na kulazwa. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1863. Mwaka uliofuata akahamia mji wa Jacksonville, jimbo lile lile, akaanza upya. Alikaa huko zaidi ya miaka 30, akitibu watu mchana na kujisomesha kwa muda wake. Kemia alijifunza mwenyewe. Darubini alijifunza mwenyewe. Kijerumani pia, maana maandishi mengi ya sayansi ya wakati ule yalikuwa kwa lugha hiyo. Sisi tukipewa desa la kurasa 40 tunalia.

Sasa tuje kwenye vyuma vyenyewe.

Hebu fikiria kazi ya mtu anayeziba jino. Mahali pa kazi ni padogo, pana giza, pana mate, ulimi unasogea wenyewe na mgonjwa anaweza kushtuka wakati wowote. Chombo kikiponyoka kidogo tu, kinaingia kwenye fizi au shavu. Na hapo bado hatujazungumzia nguvu: ganda la nje la jino, yaani enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Unatakiwa usukume kwa nguvu na wakati huo huo usiteleze. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 vyombo vilitengenezwa kila fundi kwa namna yake, mishikio mingi ikiwa ya mbao, mfupa au pembe ya ndovu iliyochongwa kwa madoido. Inapendeza kwenye sanduku, lakini mkono uliolowa mate ukishika pembe iliyong'arishwa, matokeo unayajua. Baadaye watu walipoelewa kwamba vijidudu ndio chanzo cha maambukizi, vyombo vikawa lazima vichemshwe, na mbao na pembe havivumilii kuchemshwa kila siku. Chuma kitupu kikashika nafasi, na kwenye mshikio wake zikachongwa alama za msalaba au mifereji ili vidole vipate pa kung'ang'ania. Ni akili ile ile ya fundi wetu anayezungushia mpini wa panga kipande cha tyubu ya baiskeli, tofauti ni kwamba tyubu huwezi kuichemsha.

Mtu anaweza kudhani mshiko mzuri ni suala la mpini tu. Black alisisitiza kwamba mambo mengi yanaamuliwa kwenye shingo, ile sehemu nyembamba kati ya mshikio na makali. Ili kufika kwenye gego la nyuma lazima shingo ipinde. Lakini ukiipinda mara moja tu, makali yanakaa pembeni ya mstari wa mshikio, na ukisukuma, chombo chote kinajizungusha kati ya vidole. Jaribu kwa kipande cha waya: kipinde ncha, kibonyeze mezani, utaona kinavyotaka kugeuka. Dawa yake ni kuipinda shingo mara ya pili, au ya tatu, kuelekea upande wa pili, ili makali yarudi kwenye mstari ule ule wa mshikio au yasiwe mbali nao zaidi ya milimita 2 au 3. Hapo nguvu inashuka moja kwa moja na chombo kinatulia. Kumbe kuponyoka si mara zote ni udhaifu wa mkono wa mwanafunzi. Mara nyingine chuma chenyewe kimepindwa vibaya.

Halafu kuna namna ya kushika. Mshiko wa kawaida unafanana na wa kalamu, ila kidole cha kati kinashuka mpaka karibu na shingo, na kidole cha pete kinaegemea jino la jirani. Hicho kidole cha pete ndicho breki. Mgonjwa akigeuza kichwa, mkono unageuka naye. Mshiko mwingine ni wa kiganja na dole gumba, kama unavyoshika kisu ukimenya muhogo kuelekea kwako. Hakuna anayemfundisha mama kuweka dole gumba lake pale, lakini linakaa pale pale.

Mtoto wa mkulima yeyote ataelewa haraka majina ya vyombo hivi, maana mawili makubwa ni shoka na jembe. Kweli kabisa. Kwenye shoka, makali yanalala mkabala na mpini. Kwenye jembe, makali yanakata kwa upana, yaani yanavuka mpini. Shoka la jino na jembe la jino vinatofautiana hivyo hivyo, isipokuwa makali yake ni milimita moja hivi. Mnyiha wa Mbozi, ambaye babu zake waliyeyusha chuma na kufua majembe yao wenyewe, hahitaji mhadhara hapo.

Sehemu ninayoiona mimi kuwa kubwa kuliko zote katika maisha ya Black ni namba. Alipanga vyombo kwa majina: kazi yake nini, kinatumikaje, makali yana umbo gani, shingo imepindwa mara ngapi. Kisha akakipa kila kimoja fomula. Mfano 10-7-14. Namba ya kwanza ni upana wa makali kwa sehemu za kumi za milimita, kwa hiyo 10 ni milimita 1. Ya pili ni urefu wa bapa la makali, milimita 7. Ya tatu ni pembe ya bapa na mshikio, ila hakutumia nyuzi 360. Aliugawa mduara sehemu 100, kwa hiyo 14 ni kama nyuzi 50, na 25 ingekuwa pembe mraba. Makali yenyewe yakikatwa mshazari inaongezwa namba ya nne.

Mnaosoma ualimu mnaona kilichotokea hapo? Kabla ya hapo, ujuzi ulikuwa mkononi mwa fundi na akifa anazikwa nao. Mwanafunzi aliambiwa achukue kile kidogo kilichopinda. Baada ya hapo, mwalimu wa Chicago na mwanafunzi wake aliyehamia mji wa mbali waliweza kuandikiana barua kuhusu chombo kimoja na kiwanda kikakitengeneza sawasawa. Mshiko salama ukawa kitu cha kufundishika. Kwa maoni yangu hilo linazidi uvumbuzi wake mwingine wote, ingawa nao haukuwa mdogo: alibuni mashine ya kutobolea jino inayoendeshwa kwa mguu, kama cherehani; alipima nguvu ya taya linapouma; na miaka ya 1890 alifanya majaribio ya mchanganyiko wa fedha, bati na zebaki mpaka ukapatikana ule usiovimba wala kusinyaa ovyo ndani ya jino.

Alifundisha Missouri, kisha Chicago, na mwaka 1897 akawa mkuu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern, cheo alichokuwa nacho hadi kifo. Kitabu chake kikubwa cha juzuu mbili kuhusu tiba ya kuziba meno kilitoka mwaka 1908, na makundi aliyoyapanga ya matundu ya meno bado wanafunzi wa Muhimbili wanayakariri kuogopa sapu.

Si kila alichofundisha kimedumu. Black aliamini kwamba ukiziba jino ukate mpaka sehemu nzima za jirani zinazoweza kuoza baadaye, ili uzibe mara moja. Kwa vifaa vya wakati wake ilikuwa na mantiki. Leo inaonekana ni kupoteza jino zima kwa hofu ya ugonjwa ambao haujafika, na madaktari wameiacha.

Uzeeni, mwaka 1909, alisafiri hadi Colorado kwa mwito wa daktari kijana aitwaye Frederick McKay, aliyeshangazwa na watu wa huko wenye meno ya kahawia. Waligundua kwamba meno yale yaliota na madoa tangu utotoni, na ajabu ni kwamba hayakuoza kirahisi. Black alifariki tarehe 31 Agosti 1915 akiwa na miaka 79, kabla jibu halijapatikana. Lilikuja mwaka 1931: ni madini ya floridi kwenye maji ya kunywa. Wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro mnaotaniwa hosteli kwa rangi ya meno, mjue ni habari ile ile, maji ya kule yana floridi nyingi. Utani hauna msingi wowote wa usafi.

Sasa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikabiliwa na tatizo ambalo mtu wa Songwe analifahamu: mashine ya kutobolea jino inataka umeme, maji ya bomba na fundi wa kuitengeneza, na vijijini wakati huo ilikuwa vigumu kuvipata. Wakaweka mashine pembeni. Wakachukua vyombo vya mkono tu, shoka dogo la kupanua mdomo wa tundu kwa kulizungusha, na vijiko vidogo vya kukwangua uozo laini. Sehemu nzima wakaiacha. Tundu likasafishwa kwa pamba yenye maji, likajazwa saruji ya meno na kukandamizwa kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini. Baada ya majaribio mengine Thailand na Zimbabwe, Shirika la Afya Duniani lilitangaza njia hiyo kwa dunia nzima tarehe 7 Aprili 1994. Mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi.

Angalieni hapo: kanuni ya Black ya kukata sana imetupwa, lakini vyuma vyake ndivyo vilivyobaki. Na pasipo mashine, mshiko unakuwa kila kitu, maana nguvu yote inatoka vidoleni. Mtoa huduma anayehudumia foleni ya watoto wa shule kwa siku nzima anaumia kiganja na kifundo cha mkono. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipima misuli ya mikono ya watu wanaokwangua meno kwa mishikio tofauti, wakaona uliochosha kidogo zaidi ni mnene wa milimita 10 na mwepesi, gramu 15. Mishikio ya chuma ya zamani ni myembamba kuliko hapo, na mshikio mwembamba unalazimisha vidole vibane zaidi. Anayeagiza vifaa vya zahanati akiangalia bei peke yake, gharama inayobaki analipa mwenye mkono.

Tiba hii ina mpaka wake. Tundu likishafika kwenye mshipa na usaha ukatoka, shoka dogo na saruji havisaidii, na koleo linaweza kurudi kazini. Jino lenye tundu ambalo bado halijakunyima usingizi ndilo la kuuliza kama linazibika. Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye mkoba mmoja. Vinaoshwa, vinatakaswa kwa mvuke kwenye sufuria ya presha juu ya jiko la mkaa, na kesho yake vinapanda bodaboda kwenda Kamsamba, bila kuhitaji umeme. Kwenye mshikio wa vingi vya kukatia bado zimechongwa zile namba tatu au nne.