Louis Braille: Mtoto Kipofu Katika Shule ya Kijiji

Ndugu wanachama, kabla ya kuzisoma hesabu za mwaka, yafaa tumkumbuke mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku na vipofu wa Kenya, ingawa aliishi mbali na kufa zamani.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka 3 alichezea msharasi katika karakana, ukamchoma jicho. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, na alipotimiza miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Siku zile wengi wa watoto wa namna hiyo waliishia kuombaomba njiani. Wazazi wake hawakukubali. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, alimfundisha kwanza, kisha akamwombea nafasi katika shule ya kijiji pamoja na watoto wenye macho. Mwalimu Antoine Bécheret akampokea. Louis alijifunza kwa kusikiliza na kukumbuka, akawa miongoni mwa wanafunzi hodari. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa mikono mitupu. Mlango alifunguliwa, bali chombo cha kazi hakuwa nacho.

Mwaka 1819 alipelekwa shule ya vipofu ya Paris. Vitabu vya huko vilikuwa na herufi kubwa zilizoinuliwa, vizito, tena vichache. Afisa mmoja wa jeshi, Charles Barbier, alikuwa amebuni maandishi ya nukta, hata 12 kwa alama moja. Louis alizipunguza zikawa 6, zinazoenea chini ya ncha ya kidole. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imekwisha kutengenea. Mwaka 1829 ikatolewa kitabuni. Akawa mwalimu katika shule ile ile, na mpiga kinanda kanisani. Baada ya mwaka 1840 mkuu mpya aliyapiga marufuku maandishi hayo, lakini wanafunzi waliendelea kuyatumia kwa siri. Louis alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852. Ufaransa iliyakubali rasmi mwaka 1854, naye hakuiona siku hiyo.

Katika Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946, na Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mwenye ulemavu haki ya elimu pamoja na wenzake. Hata hivyo haki haitoki nyumbani kwa miguu yake yenyewe. Mwanachama anayejua mtoto aliyefichwa, iwe Naivasha, Gilgil, Njoro au Molo, na amwendee mzazi wake kwa upole, kisha wafuatane hata kwa mwalimu mkuu. Na tusimwache mtoto huyo darasani mikono mitupu: tumtafutie vitabu vya nukta, na mwalimu ajuaye kuvisoma.