Thurgood Marshall: darasa lililotazamana na kituo cha polisi

Fikiria, msomaji, umekaa darasani na dirisha lenu linatazamana na kituo cha polisi. Mwalimu anafundisha, na ng'ambo ya pili unasikia askari wakimpiga mahabusu ili akiri kosa. Hivyo ndivyo Thurgood Marshall alivyosoma sekondari katika mji wa Baltimore, Marekani, miaka ya 1920. Ilikuwa shule ya watoto weusi peke yao, kwa sababu sheria ya huko ilikataza mtoto mweusi kukaa darasa moja na mtoto mweupe.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1908. Mama yake alikuwa mwalimu, baba yake mhudumu wa treni. Baba hakuwa na elimu kubwa, ila alipenda kwenda mahakamani kusikiliza kesi za watu, na nyakati nyingine aliwachukua wanawe. Wakirudi nyumbani walibishana mezani, kila mtu akitakiwa kuthibitisha anachosema. Shuleni Thurgood alikuwa mtundu, na adhabu yake ilikuwa kukaa peke yake akiisoma Katiba ya nchi. Kwa utundu ule, akaikariri.

Alipotaka kusomea uanasheria, chuo kikuu cha Maryland kilikuwa karibu na kwao lakini hakikupokea weusi. Akaenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, akipanda treni alfajiri na kurudi usiku. Mama yake aliweka rehani pete zake za ndoa na uchumba ili karo ipatikane. Mwaka 1933 alimaliza akiwa wa kwanza darasani. Miaka miwili baadaye, yeye na mwalimu wake Charles Hamilton Houston walikishtaki chuo kilekile cha Maryland kwa niaba ya kijana mmoja mweusi, wakashinda.

Tangu hapo alizunguka majimbo ya kusini kama wakili wa chama cha NAACP, kilichotetea haki za weusi. Kazi yake ilikuwa na pande mbili: shule na polisi. Leo akikubali kesi ya walimu weusi waliolipwa mshahara mdogo kuliko wenzao weupe, kesho alimtetea mtu aliyekirishwa kosa kwa kipigo.

Upande wa polisi ulikaribia kumuua. Novemba 1946, akitoka mahakamani katika mji wa Columbia, jimbo la Tennessee, gari lao lilisimamishwa. Askari wakadai kwamba amelewa, wakamtia kwenye gari lao na kushika njia ya kuelekea mtoni, gizani. Kama umewahi kusimamishwa njiani na kuondolewa mbele ya wenzako, unajua moyo unavyokwenda. Wenzake walikataa kumwacha. Waligeuza gari wakawafuata askari nyuma hadi wakalazimika kurudi naye mjini. Hakimu alimwambia apumue, akanusa, akaona hakuna pombe, akamwachia.

Ila kesi ambayo ningependa uijue vizuri zaidi ilianzia kwenye basi la shule. Katika wilaya ya Clarendon, South Carolina, watoto weupe walikuwa na mabasi 30. Watoto weusi, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na hata moja. Katika mwaka wa shule wa 1949 hadi 1950, kila mtoto mweupe alitumiwa dola 179 na kila mtoto mweusi dola 43. Wazazi walipoomba basi walikataliwa. Basi wakatia saini hati ya malalamiko, na jina la kwanza lilikuwa la Harry Briggs, aliyefanya kazi kituo cha mafuta. Alifukuzwa kazi. Mkewe Eliza, mfanyakazi wa hoteli, naye akafukuzwa. Nyumba ya mchungaji Joseph DeLaine, aliyewakusanya, iliteketea kwa moto huku wazima moto wakitazama, wakidai iko nje ya mpaka wa mji.

Kesi hiyo iliunganishwa na nyingine nne. Marshall hakuomba tena mabasi wala madarasa yafanane; aliiomba Mahakama ya Juu itamke kwamba kuwatenganisha watoto kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa walikubali. Lakini mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo haikuweka tarehe ya mwisho ya kutekeleza, na majimbo mengi yakatumia mwanya huo kuvuta miaka. Hapo ndipo watu wengi husahau: hukumu ilishinda, mtoto bado alikuwa nje ya geti.

Mwaka 1960 kazi yake ilifika kwetu. Tom Mboya na wenzake walimwalika awashauri katika mazungumzo ya katiba ya Kenya yaliyofanyika Lancaster House, London. Kabla ya hapo alifika Kenya, ambako serikali ya kikoloni ilimzuia asihutubie mkutano. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliomba asalimie tu, na salamu yake ikawa neno moja, uhuru. Katika rasimu yake ya haki za raia alitia ulinzi wa mahakama hata kwa Wazungu na Waasia wachache ambao wangebaki chini ya serikali ya Waafrika. Wapo walioshangaa. Yeye alikuwa ametoka kwenye kundi la wachache, na alijua kwamba walio wengi wakikukasirikia, kinachokubakia ni sheria.

Hakuwa malaika. Miaka ya 1950 aliwapa wapelelezi wa FBI habari za watu waliodhaniwa wakomunisti ndani ya chama chake, na jambo hilo lilipojulikana baada ya kifo chake liliwaumiza wengi.

Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Kadiri miaka ilivyokwenda, wenzake walizidi kumpita kwa kura. Mwaka 1983 ilikuja kesi ya Adolph Lyons, mtu mweusi wa Los Angeles aliyesimamishwa kwa sababu ya taa mbovu ya gari, kisha akakabwa shingo na polisi hadi akazimia. Alitaka mahakama izuie mtindo huo wa kukaba. Kwa kura 5 dhidi ya 4 alikataliwa. Marshall aliandika kupinga, akihesabu watu 16 waliokwisha kufa kwa kukabwa hivyo na polisi wa mji huo, 12 kati yao wanaume weusi.

Alistaafu mwaka 1991 na kufariki tarehe 24 Januari 1993, akiwa na miaka 84.