Ian Fleming, baba wa James Bond: Mgodi wa Dr. No na kivuli cha Kongo

Kuna kisiwa kidogo chenye mgodi. Hakuna mwananchi anayeruhusiwa kukikaribia. Walinzi wana bunduki, boti yao ina rashasha, na wavuvi wanaothubutu kufika huko usiku hawarudi nyumbani. Ili watu waendelee kuogopa, imesambazwa habari kwamba kisiwani kuna joka linalotema moto. Rasmi, kinachochimbwa pale ni boksiti, udongo unaotoa alumini. Kinachofanyika ndani ya mwamba ni jambo jingine kabisa.

Hicho ndicho kisa cha Dr. No, filamu ya kwanza ya James Bond, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini London tarehe 5 Oktoba 1962. Mtu wa Rubaya, wilayani Masisi, au yule aliyewahi kubeba kasiterite kutoka Bisie hadi Njingala katikati ya msitu wa Walikale, hahitaji kuelezwa kwa kirefu mgodi uliozungukwa na watu wenye silaha unafananaje. Vijana wa Kivu Kaskazini wanaokaa kwenye vyumba vya video, jenereta ikiunguruma nje, wanamjua Bond kwa sura za waigizaji waliokuja baadaye. Ile filamu ya kwanza wameiona wachache. Mwingereza aliyemtunga Bond, Ian Lancaster Fleming, aliyefariki zaidi ya miaka 60 iliyopita, wanamjua wachache zaidi.

Fleming alizaliwa London tarehe 28 Mei 1908, katika familia yenye fedha. Babu yake, Robert Fleming, alikuwa Mskoti aliyetoka katika umaskini wa mji wa Dundee hadi kumiliki benki. Baba yake, Valentine, alikuwa mbunge na askari, akauawa Ufaransa mwezi Mei 1917, siku chache kabla Ian hajatimiza miaka tisa. Aliyeandika tanzia yake katika gazeti la The Times ni Winston Churchill. Watoto wanne wa kiume walibaki na mama mkali, na utajiri wa baba ukawa chini ya masharti ya wosia uliomfunga mama huyo asiolewe tena, la sivyo angepoteza sehemu kubwa ya mali.

Kaka mkubwa, Peter, alifaulu katika kila kitu na akawa mwandishi maarufu wa safari. Ian aling'aa uwanjani tu. Katika shule ya Eton alikuwa bingwa wa riadha, lakini chuo cha kijeshi cha Sandhurst alikiacha bila cheo. Mama yake akampeleka Austria, kisha Munich na Geneva, kujifunza lugha. Mwaka 1931 alifanya mtihani wa kuingia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, akashindwa kupata nafasi.

Kilichomwokoa ni uandishi wa habari. Shirika la Reuters lilimwajiri, na mwaka 1933 likamtuma Moscow kufuatilia kesi ya wahandisi wa Uingereza walioshtakiwa kwa ujasusi na hujuma. Huko alijifunza kuandika haraka na kwa uhakika. Aliomba hata mahojiano na Stalin. Akajibiwa kwa barua fupi ya kukataa, yenye sahihi ya Stalin mwenyewe. Lakini mshahara wa mwanahabari haukumtosha, akaenda kujaribu biashara ya benki na hisa mjini London. Hakuwa hodari huko pia.

Jasusi wa mezani

Mwaka 1939 Admirali John Godfrey, mkuu wa idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Uingereza, alimchukua kuwa msaidizi wake binafsi. Fleming alikuwa na miaka 31 na hakuwa na uzoefu wowote wa jeshi la maji. Alichokuwa nacho ni ulimi wa kuongea na watu na kichwa kilichojaa njama. Katika orodha ya hila za kumdanganya adui iliyotolewa mwaka huo chini ya jina la Godfrey, na ambayo wengi wanaamini Fleming ndiye aliyeiandika, kulikuwa na wazo la kutumia maiti iliyobebeshwa nyaraka za uongo. Mwaka 1943 hila hiyo ilitumika kweli, Wajerumani wakadanganyika kuhusu mahali ambapo majeshi ya Washirika yangetua.

Alisaidia pia kuunda kikosi kidogo cha makomando kilichofuata nyuma ya mstari wa mbele kukamata nyaraka na mitambo ya siri ya Wajerumani. Yeye mwenyewe alibaki ofisini. Hili halisemwi mara nyingi: mtu aliyeufundisha ulimwengu sura ya jasusi hakuwa mpelelezi wa kuvizia gizani akiwa na bastola. Alikuwa ofisa wa faili, simu na vikao, akiwatuma wengine. Godfrey, bosi wake mgumu, ndiye watu wengi wanaamini aligeuka kuwa M, mkuu wa Bond.

Wakati wa vita alifika Jamaica kwa mkutano wa kijeshi, akaapa kurudi. Mwaka 1946 alikuwa amekwisha kujenga nyumba juu ya bahari huko Oracabessa, akaiita Goldeneye. Baada ya vita alisimamia waandishi wa nje wa kampuni ya magazeti iliyomiliki Sunday Times, kwa mapatano ya kupata likizo ndefu kila majira ya baridi ya Ulaya. Katika likizo ya mwaka 1952, wiki chache kabla ya kumwoa Ann Charteris, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachana na mmiliki wa gazeti la Daily Mail, alikaa mbele ya taipureta na kuandika Casino Royale. Jina la shujaa alilitoa kwenye jalada la kitabu cha ndege wa Karibiani. Mtaalamu aliyekiandika aliitwa James Bond.

Kitabu kilitoka Aprili 1953. Tangu hapo Fleming alitoa kimoja kila mwaka, akiandika asubuhi na kuogelea mchana. Mwaka 1958 gazeti lake lilimtuma hadi Ushelisheli kuandika juu ya hazina ya maharamia inayosemekana kufukiwa huko; hazina haikuonekana, lakini alirudi na hadithi fupi ya Bond katika visiwa hivyo.

Dr. No kilikuwa kitabu cha sita, kikatoka mwaka huo huo wa 1958. Asili yake ni mradi ulioshindikana. Mwaka 1956 mtayarishaji mmoja wa Marekani alimtaka aandike mfululizo wa televisheni kuhusu Jamaica, mpango ukavunjika, naye Fleming hakutupa karatasi. Mwaka huo alikuwa pia amezuru kisiwa cha Inagua huko Bahamas kuona makundi makubwa ya flamingo, akitembezwa kwenye gari la kuvuka matope. Kitabuni, gari hilo likawa joka. Biashara ya bwana mkatili wa kisiwa ikawa mbolea ya kinyesi cha ndege, ambayo kwenye filamu iligeuzwa kuwa mgodi wa boksiti.

Wahakiki wengine walimshambulia vikali. Paul Johnson, katika jarida la New Statesman, alikiona kitabu hicho kuwa mchanganyiko wa ukatili, tamaa za mwili na majivuno ya kitabaka. Haikuwa hukumu ya kupuuzwa, hata kama mauzo hayakuijali.

Filamu na watu wake

Watayarishaji Albert Broccoli na Harry Saltzman walipopata haki za vitabu, walikuwa na bajeti ya takriban dola milioni 1, ndogo kwa filamu yenye bahari, roketi na kinu cha nyuklia. Broccoli alimleta mwongozaji aliyemzoea, Terence Young. Wawili hao walikuwa wamekwisha kufanya kazi Afrika Mashariki: filamu yao Safari ya mwaka 1956 ilipigwa Kenya wakati wa hali ya hatari, na ilisimulia vita vya Mau Mau kwa jicho la mwindaji Mzungu. Anayeijua hiyo hatashangazwa na jinsi Dr. No inavyowatazama watu weusi.

Upigaji picha ulianza Jamaica tarehe 16 Januari 1962. Sean Connery, Mskoti wa Edinburgh aliyewahi kusambaza maziwa mitaani, alikuwa na miaka 31. Fleming hakumpenda mwanzoni. Alimwona hana malezi ya kiungwana. Baada ya filamu alibadilika kiasi kwamba katika kitabu cha baadaye alimpa Bond baba wa Kiskoti.

Ukiitazama leo, sehemu ya kwanza bado ina nguvu. Hakuna vifaa vya ajabu. Bond anaweka unywele mmoja kwenye mlango wa kabati kujua kama chumba kimepekuliwa. Anapima mashua kwa kifaa cha kugundua mnururisho, na sauti yake inamwambia kwamba mawe yaliyopakiwa mle yalitoka mahali pabaya. Ni upelelezi wa subira. Dr. No mwenyewe, mtu mwenye mikono ya chuma, haonekani hadi mwisho unakaribia, na muda wote huo tunamwogopa kwa sababu watu wake wanamwogopa. Kasoro ni kwamba Mchina huyo nusu aliigizwa na Joseph Wiseman, mzaliwa wa Kanada, akiwa amepakwa vipodozi machoni.

Kasoro kubwa zaidi ni Quarrel. Huyu ni mvuvi mweusi anayempeleka Bond kisiwani. Anajua bahari, anajua upepo, anajua njia. Lakini filamu inamfanya aogope joka kama mtoto, inamwacha Bond amwagize akamletee viatu, kisha inamchoma kwa moto wa gari lililopakwa rangi ya joka. Bond anaendelea na safari. Mwigizaji wake, John Kitzmiller, alikuwa Mmarekani aliyekwenda Italia na jeshi wakati wa vita, akabaki huko na kuwa nyota wa sinema. Mwaka 1957 alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Cannes, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Katika kundi zima la waigizaji wa Dr. No, mwenye heshima hiyo alikuwa yeye, na ndiye aliyetumwa viatu. Alifariki Roma mwaka 1965.

Jamaica ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, kati ya upigaji picha na siku ya maonyesho. Kwenye filamu gavana wa Kiingereza bado yupo, na mabwana weupe wanacheza karata kwenye klabu yao.

Kongo wakati huo huo

Kwa msomaji wa Kongo, tarehe hizo zina uzito mwingine. Kamera za Dr. No zilianza kuzunguka mwaka mmoja kasoro siku moja baada ya Patrice Lumumba kuuawa Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Allen Dulles, mkuu wa CIA, alikuwa rafiki wa Fleming na msomaji wa vitabu vyake. Kimojawapo alipewa na Jacqueline Kennedy. Tarehe 26 Agosti 1960 Dulles huyo alituma simu ya maandishi Léopoldville akieleza kwamba kumwondoa Lumumba ni lengo la dharura. Mwezi uliofuata mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alifika mjini humo na sumu. Haikutumika, Lumumba aliuawa na Wakatanga pamoja na maofisa wa Kibelgiji. Habari za sumu zilithibitishwa na kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1975.

Si sawa kusema kwamba vitabu vya Fleming ndivyo vilivyoleta mambo hayo. Dulles alipanga mapinduzi Iran mwaka 1953, mwaka Casino Royale ilipotoka. Lakini Fleming aliwapa wasomaji wa Ulaya na Marekani hadithi ambamo kuua katika nchi ya watu wengine ni kazi safi, yenye suti nzuri. Marehemu wa hadithi hizo hawana wajane.

Jasusi halisi wa Uingereza aliyekuwa Léopoldville kati ya 1959 na 1961 hakufanana na Bond hata kidogo. Alikuwa mwanamke, Daphne Park, aliyelelewa Tanganyika, akizunguka mji katika Citroën 2CV. Hata kinu cha nyuklia cha Dr. No kina jamaa yake huku kwetu: urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, mgodi ambao wakati wa vita jina lake lilifichwa. Kama lile la kisiwa cha filamu, nao ulikuwa mgodi ambao mchimbaji hakuambiwa jiwe linakwenda wapi.

Fleming hakufaidi sana ushindi wake. Alivuta hadi sigara 70 kwa siku na kunywa sana. Aprili 1961 moyo ulimshtua akiwa kazini. Kitandani akamwandikia mwanawe Caspar kitabu cha watoto kuhusu gari linaloruka. Mwaka 1963 alisimamishwa mahakamani kwa madai kwamba riwaya yake ya Thunderball ilitokana na kazi ya wenzake, kesi ikamalizwa kwa mapatano, naye akatoka amechoka. Vitabu vyake vilikuwa vimeuza takriban nakala milioni 30.

Alifariki Canterbury alfajiri ya tarehe 12 Agosti 1964, akiwa na miaka 56. Ilikuwa siku ambayo Caspar alitimiza miaka 12. Wiki moja kabla, Wasimba walikuwa wameteka Stanleyville, na marubani wa Kikuba waliolipwa na CIA walikuwa tayari wakiruka juu ya mashariki mwa Kongo. Mwezi uliofuata London ilipanga foleni kutazama Goldfinger.