Jan Czochralski: mwanasayansi aliyezikwa bila jina

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, ambako si rahisi kupitisha nguzo za umeme katikati ya mikoko na matope, taa na simu nyingi hutegemea paneli ya sola juu ya paa. Ndani ya paneli hiyo mna silikoni, inayotokana na mawe na mchanga. Haipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala haiuzuii kama kioo. Hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa fuwele moja nzima, na njia ya kuipata fuwele hiyo ilianza na Mpolandi, Jan Czochralski.

Alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1885 mjini Kcynia, mtoto wa seremala. Akiwa kijana alikwenda Berlin, akafanya kazi katika duka la dawa, kisha katika kampuni ya umeme ya AEG. Inasimuliwa kwamba mwaka 1916, akiandika kando ya chungu cha bati lililoyeyuka, alichovya kalamu humo badala ya kwenye wino. Alipoivuta, ulitoka uzi mwembamba. Alipouchunguza, akakuta ni fuwele moja.

Mwaka 1928 alirudi Poland, akawa profesa Warsaw. Baada ya vita, mwaka 1945, alikamatwa kwa tuhuma za kushirikiana na Wajerumani. Ushahidi haukupatikana, akaachiwa. Hata hivyo chuo chake kilikataa kumpokea tena. Akarudi Kcynia, akafungua kiwanda kidogo cha vipodozi na bidhaa za nyumbani. Alifariki tarehe 22 Aprili 1953, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jina.

Miaka hiyohiyo, huko Marekani, Gordon Teal na wenzake walitumia njia yake kwa silikoni: huyeyushwa kwa nyuzi zaidi ya 1,400, kipande cha fuwele huchovywa, kisha huzungushwa na kuvutwa juu polepole. Hadi leo silikoni ya simu na kompyuta hupatikana hivyo.

Chuo kilimsafisha jina mwaka 2011, miaka 58 baada ya kifo chake.

Wapendwa, Amri ya Nane hailindi ukweli tu, hulinda pia jina la jirani. Sheria ilimwachia Czochralski, wenzake hawakumwachia. Watu wa Kibiti, walioishi na hofu wakati wa mauaji ya mwaka 2017, wanajua jinsi shaka inavyokaa kati ya majirani. Katika jumuiya zetu, aliyeonekana hana hatia arudishiwe nafasi yake angali hai.