Seyyid Said na Harufu ya Karafuu

Seyyid Said bin Sultan alizaliwa Oman mwaka 1791, akatawala miaka ipatayo 50, akafariki baharini mwaka 1856. Yeye ndiye aliyewaamuru wenye mashamba wa Unguja wapande mikarafuu. Mafuta ya karafuu hunukia vizuri na hutuliza jino, hata kwetu Buhongwa; lakini ni makali, huunguza ufizi yasipochanganywa na mafuta mengine.

Walakini mikarafuu ile ilipaliliwa na watumwa kutoka bara, na utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu. Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alipenda manukato, tena alifundisha kuwa kumwacha huru mtumwa ni wema mkubwa.

Ndugu msomaji, manukato ya kweli ya mtawala ni uadilifu.