Hugo van Lawick: Alianza bila uzoefu, akaishia kuishi na mbwa mwitu Serengeti

Kila asubuhi pale Sekei, jirani na hoteli ya Mount Meru, magari ya safari yanapita yakielekea Makuyuni, Karatu hadi Ngorongoro. Vijana wengi wa mtaani wangependa kuwa ndani ya magari hayo wakifanya kazi na wanyama. Wanakwamia kwenye swali moja tu: uzoefu unao?

Hugo van Lawick, mtu aliyewafanya mbwa mwitu wa Serengeti wajulikane duniani, alianza akiwa hana.

Alizaliwa mwaka 1937 Surabaya, kwenye koloni la Uholanzi ambalo sasa ni Indonesia. Baba yake, rubani wa jeshi la majini, alifariki Hugo akiwa na miaka minne hivi. Vita ikaja, mama akahama na wanawe wawili: Australia, kisha Uingereza, mwishowe Uholanzi. Hugo hakusomea wanyama chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni kamera na subira ya kukaa porini saa nyingi akisubiri mnyama atokee.

Baada ya jeshi alikuwa msaidizi wa wapiga filamu, kazi ya kubeba vifaa na kutazama wakubwa wanafanyaje. Kisha akaja Kenya kufanya kazi na Armand na Michaela Denis, mke na mume waliokuwa na vipindi vya wanyama kwenye televisheni ya Uingereza. Huko akafahamiana na Louis Leakey, na mwaka 1962 akatumwa Gombe, Kigoma, kupiga picha za Jane Goodall na sokwe wake. Wawili hao walioana mwaka 1964.

Hapa tuseme ukweli. Alikuwa Mzungu, tena wa ukoo wa kibaroni, na alikuja wakati bendera ya Uingereza bado inapepea. Kijana wa Arusha wa miaka ile asingefunguliwa milango ile, hata angekuwa na kipaji mara mbili.

Lakini mlango ukishafunguliwa, kazi bado inabaki. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, Hugo na Jane waliweka kambi Ngorongoro na Serengeti kuchunguza wanyama wanaochukiwa: fisi, bweha na mbwa mwitu. Jane akachukua fisi, Hugo akachukua bweha na mbwa. Kitabu chao kilitoka mwaka 1970.

Mbwa mwitu siku hizo alionekana mnyama mkatili tu. Sehemu nyingi za Afrika alipigwa risasi hata ndani ya hifadhi, kwa sababu anaanza kumla swala akiwa bado hai. Hugo alikaa nao ndani ya Land Rover mchana na usiku. Akagundua kwamba madoa ya mbwa mmoja hayafanani na ya mwingine, basi akawatambua mmoja mmoja na kuwapa majina. Aliona wakirudi mawindoni na kuwatapikia nyama watoto na wale waliobaki kulinda shimo.

Halafu akatokea Solo.

Kwa kawaida kwenye kundi la mbwa mwitu jike mkuu ndiye anayezaa. Kundi alilolifuata Hugo lilikuwa na jike mkuu aliyempa jina la Havoc. Jike wa chini, Angel, naye akazaa. Havoc akawaua watoto wa Angel, akabaki mmoja tu, wa kike. Huyo ndiye Solo.

Alikuwa mdogo, mnyonge, anasukumwa hata na watoto wenzake. Kundi lilipoanza kuhama, miguu yake haikuweza mwendo wa wakubwa. Anaachwa nyuma, anafika amechoka, anaachwa tena.

Mpiga filamu wa wanyama ana sheria moja: usiingilie. Ukimwokoa swala, umemnyima simba chakula. Hugo aliijua sheria hiyo na aliifuata wakati watoto wengine wa Angel wanakufa. Kwa Solo ikamshinda. Yeye na wenzake wakamchukua, wakamlisha, kisha wakampeleka kwa kundi jingine lenye watoto, nalo likampokea. Wataalamu wanaweza kubishana hadi kesho kama alifanya sawa. Yeye hakuficha. Alieleza yote kwenye kitabu na filamu mwaka 1973.

Ndoa yake na Jane ilivunjika mwaka uliofuata. Hugo akabaki Ndutu, kwenye kambi ya mahema, zaidi ya miaka ishirini, akipiga filamu zilizompa tuzo kadhaa za Emmy. Wapiga filamu wengi vijana walijifunzia kazi kambini kwake.

Mapafu yalimlazimisha kuondoka. Akahamia Dar es Salaam, akafariki huko Juni 2002, na mwili ukarudishwa Ndutu kuzikwa.

Wakati anazikwa, nyanda zile hazikuwa tena na makundi ya mbwa mwitu. Yalitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na magonjwa kama kichaa cha mbwa yanatajwa kati ya sababu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, yenye makao Arusha, ilianza kuwarudisha Serengeti mbwa waliochukuliwa upande wa Loliondo.