Ida Lupino na Kazi ya Kutisha

Sisi wa Ruponda na Nachingwea tunaifahamu vema ngoma ya mapiko. Kijadi kinyago huvaliwa na mwanamume, na kazi ya mwanamke ilikuwa kukimbia. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu, wa Bara na Visiwani, habari za mwanamke aliyekataa kukimbia, akaishika mwenyewe kazi ya kutisha.

Ida Lupino alizaliwa London mwaka 1918 katika ukoo wa wachezaji wa jukwaani. Mwaka 1933 alikwenda Marekani, akawa nyota wa filamu za Hollywood. Hata hivyo, kila alipokataa sehemu asiyoiridhia, kampuni ilimsimamisha kazi. Hakukaa akanuna. Alikwenda kuwatazama waongozaji wakiwa kazini, akajifunza.

Mwaka 1949 yeye na mumewe walitengeneza filamu yao wenyewe. Mwongozaji akaugua ghafla. Ida akaimaliza kazi, na jina la mgonjwa yule akaliacha palepale. Kisha aliongoza filamu juu ya ugonjwa wa kupooza, uliowahi kumpata mwenyewe, na nyingine juu ya binti aliyenajisiwa, jambo ambalo siku zile halikutajwa hadharani.

Mwaka 1953 ilitoka The Hitch-Hiker: marafiki wawili waendao kuvua samaki wanampa mtu lifti, kumbe ni muuaji. Hamna jini wala mzimu humo. Kitishacho ni binadamu. Baadaye aliongoza michezo ya kutisha ya televisheni. Katika mmoja wa mwaka 1964, tajiri anayekaribia kufa anawalazimisha warithi wake wenye tamaa wavae vinyago vibaya hadi saa sita usiku. Wanapovivua, nyuso zao zimekwisha kuwa kama vinyago vile. Mchezo huo ulikuwa wa mfululizo uitwao The Twilight Zone, na katika mfululizo ule wa awali hakuna mwanamke mwingine aliyeongoza hata mmoja.

Ida alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 77.

Ndugu zetu wa Visiwani, waliompata Siti binti Saad, hawahitaji kuambiwa kwamba mwanamke aweza. Neno letu ni kwa viongozi wanaosimamia utamaduni. Katika vikundi vyetu akina mama hucheza na kuimba, lakini panapoamuliwa mchezo uweje, mara nyingi hawaitwi. Yanapotolewa mafunzo ya kamera na uongozaji, majina ya mabinti hayana budi kuwamo. Ida aliiba elimu kwa macho. Si haki kila binti alazimike kuiba.